Dawa Iliyopendwa na Sisimizi

Bugolobi, Jumatano

Hasira bado haijanitoka. Mwuza dawa wa soko la Owino alimwapia mume wangu: "Afande, hii inamaliza kisukari kabisa. Imesajiliwa, hakuna mwingine anayeruhusiwa kuitengeneza. Achana na sindano." Na yeye, polisi mzima, akaamini kwa sababu chupa ina mhuri!

Leo akakataa sindano. Jioni nikakuta kijiko chake cha ile dawa kimejaa sisimizi. Nikaionja ile dawa. Sukari tupu!

Kampala nzima hakuna sukari, tunapanga foleni tangu alfajiri tunarudi mikono mitupu, kumbe wao wanaimimina kwenye dawa ya kisukari. Washenzi!

Sindano nimemchoma kwa lazima. Nilipotaka kuimwaga ile dawa, akanishika mkono.

"Usimwage, Mama Achan. Watilie watoto kwenye chai."