Jino la Lillian

Trufe, uko? Nimeaibika hapa Tororo na shavu limevimba kama andazi.

Unajua tangu niolewe huku Uganda sijaandikishwa kwenye bima ya kazini kwa mume wangu Mangeni, na pesa ya kung'oa jino hatuna. Basi wifi yangu Lillian akanipa kadi yake. "Tunafanana, wifi. Wewe nyamaza tu."

Nikaenda nayo kwa daktari wa meno. Daktari akanichungulia mdomoni, akasoma faili, akachungulia tena.

"Lillian, jino hili si tulikung'oa mwaka jana?"

Na mimi mdomo wazi nikamjibu, "Limeota tena, daktari."

Limeota tena, Trufe. Mtu mzima, mwenye mume nyumbani.

Hakucheka. Akafungia kadi kwenye droo, akasema mwenye kadi aje ajieleze kwa watu wa bima, na mpaka hapo haitumiki.

Lillian anajifungua wiki ijayo. Kadi ya hospitali ni hiyohiyo.

Sasa nimekaa kwenye benchi nje, jino bado limo. Amepiga mara tatu sijashika. Sasa hivi ameandika: "Pole wifi, nimekupikia uji, najua hutaweza kutafuna."

Nimwambieje?