Ugonjwa Uliotoka Nje

Mjambere, Kisauni

Mama yangu,

Shikamoo. Natumai mguu umepoa na huko Faza mmepata mvua. Sisi hapa twasukuma siku. Nakuandikia kwa mkono kwa kuwa mwanao Athmani hukaa ubavuni mwangu kila ninapokupigia simu, na hili sitaki alisikie.

Mama, wavikumbuka vile vivimbe vilivyomtoka kifuani, vigumu, visivyouma, rangi ya zambarau? Alipokwambia, ulimjibu, "Alhamdulillahi, mwanangu. Hata surua, ikishatoka nje mtoto hupona." Tukafurahi sote. Muda wote huu saratani ya uboho ilikuwa ikimla mifupa kwa ndani, na hatimaye tukaiona ikitoka. Mume wangu, aliyekuwa akiona haya kuvua shati hata mbele ya wanawe, akawa anawafungulia wageni vifungo vya kanzu. "Waona? Ugonjwa watoka huo," huwaambia.

Hospitalini walikata kivimbe kimoja wakakipima, kisha daktari akaniita peke yangu. Nikamtangulia kwa bashasha kumwambia ugonjwa umeshatoka. Akanijibu, "Mama, haukutoka. Umeenea. Ni saratani ile ile, sasa imefika kwenye ngozi, na dawa zetu hazimshiki tena." Nikauliza, mbona mgongo haumuumi siku hizi? Akasema ni dawa ya maumivu tu.

Nimekata tamaa, mama, sikufichi. Napika, nafua, naitikia salamu za watu, lakini moyo umekufa ganzi. Jana alinionyesha kivimbe kingine kipya kwapani, huku akicheka. "Umebaki kidogo ndani, Zulekha." Nikaingia bafuni, nikafungua maji nipate kulia.

Najua Ijumaa mtasoma maulidi ya kushukuru. Usiyavunje, nakusihi, maana atataka kusikiliza kwa simu. Ila mnong'oneze maalimu abadilishe nia. Asishukuru. Amwombee mwanao aende bila maumivu. Na Athmani akiuliza, mwambie ni shukrani.

Nisalimie wifi yangu anayekupikia, na ami wa dukani. Usiwaambie bado.

Athmani naye akusalimu sana. Asema ngozi ya mbuzi wa maulidi usimpe mtu. Uianike vizuri, atakuja kuifanya mswala wake mwenyewe.

Mkazamwanao,
Zulekha