Doti ya Zamda

Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo
Alhamisi

Dada yangu Tatu,

Shikamoo. Hujambo na wanao huko Lindi? Mguu wa mama umepata nafuu? Sisi tunapumua. Mwanangu Beno anaota meno, usiku hanilazi, basi nikikosea maneno nivumilie.

Tangu tumzike mdogo wako Zamda sijakuandikia, na kupiga simu niliona aibu. Unajua tulikaa meza moja hapa ofisi ya vifurushi, yeye akiandikisha mizigo kwenye mfumo, mimi nikiipeleka kwenye basi. Sasa mfumo huohuo umetutia hofu.

Wilbert, fundi wa mfumo, alitueleza kwamba kila ukurasa tunaofungua huazima njia moja ya kwenda kwenye kanzidata, ghala la kumbukumbu za mizigo yote, huuliza unachotaka, kisha huirudisha. Njia ziko kumi tu, kama vikombe vya muuza kahawa: ukiondoka na kikombe, mwenzio hanywi. Wiki ya tatu hii, kila asubuhi njia zinakwisha, skrini zinaganda, na wateja dirishani wanauliza kama mizigo yao tumeila.

Wilbert akatazama orodha ya nani kazishika. Zote kumi zilikuwa na jina la Zamda. Akalifuta, kesho yake likarudi. Bosi Abdulhamid akaamuru njia ziwe hamsini. Kabla ya adhuhuri zote hamsini alikuwa nazo Zamda, zimetulia kimya, zikiuliza mstari mmoja tu: doti ya kanga, mpokeaji Tatu, Lindi, haijasafirishwa. Theopista, mwenzetu wa dirishani, akatania kwamba marehemu kaja kufuatilia mzigo wake, tukacheka. Kisha akauliza maswali hayo yanatoka kompyuta ipi. Wilbert akasema ni ile ya Zamda. Lakini ile ipo stoo tangu afariki, waya umeviringishwa juu yake.

Jana bosi alisema Wilbert anatuchezea akili, na kufikia leo asipotengeneza aondoke. Mkewe ni mjamzito, dada. Wilbert aliniuliza kwa upole kama najua lolote kuhusu mzigo huo. Nikasema sijui.

Najua. Zamda alinipa doti ile mkononi siku mbili kabla hajafa, niipakie ije kwako. Beno alikuwa na wiki tatu, mbeleko yangu imechanika, nikajiambia nitaitumia leo tu. Leo tu imekuwa miezi sita. Sikukusudia kuiba, lakini nimeiba; sitakuzungusha.

Asubuhi hii nimemfungua mtoto mgongoni mbele yao wote, nikaikunja kanga pamoja na mwenzake, nikamwambia bosi kosa ni langu, Wilbert asiguswe. Nilipopakia mzigo na kuandika umesafirishwa, njia arobaini na tisa zilijirudisha zenyewe. Wilbert alitaka kuikata ile iliyobaki, nikamshika mkono, nikamkataza. Mstari inaouliza ni uleule wa doti, ila sasa mwisho wake ni: haijapokelewa.

Barua hii nitamkabidhi kondakta aje nayo pamoja na mzigo. Kanga nilizifua jana kwa ajili yako, ila harufu ya maziwa haijatoka yote. Usitume mtu mwingine kuchukua. Nenda mwenyewe, utie sahihi, na mimi unisamehe ukiweza.

Mama mwambie nampa shikamoo yake, na watoto uwabusu.

Ninapoandika hapa, njia ile bado iko wazi. Inakungoja wewe.

Mdogo wako mwenye kosa,
Violeth, mama Beno