Jeep ya Wamama kwenye Njia ya Wamaza

Kasongo, tarehe 4 Machi 2024

Baba Placide,

Habari ya Wamaza? Mguu yako inaendelea namna gani? Miye niko muzima, nanenepa, wasichana wa soko wanaona haya kuniangalia.

Kaa chini kwanza. Patron Roger, bosi wangu, amenunua gari. Haiko ile kubwa ya wanunuzi wa zahabu, ni jeep ya familia, ya kadiri tu. Hapa wote wanaicheka: "jeep ya wamama". Shofere wake Iliasi anaumwa, basi nani anaendesha? Mutoto wako. Baba, nilitafuta ambreyaji, ile pedali ya kubadilisha gia, mupaka chini ya kiti, haiko. Pedali mbili tu. Mashini kimya, nikafikiri imezimika, kumbe tuko tayari sokoni. Iliasi alisema: "Weka kwa D, usiguse herufi ingine." Wivu ile.

Munganga alisema dada Emilienne azalie hapa lopitali, kwa kupasuliwa, asipande pikipiki. Patron amekubali: Jumamosi nakuja kumuchukua.

Mutoto wako, shofere mukubwa Glody

Wamaza, tarehe 7 Machi

Mutoto wangu Glody,

Salamu. Mguu ungali unauma, na barua yako imeongeza kichwa. Wewe shofere tangu lini? Ulikuwa unaosha malori. Na darasa la sita ulilirudia mara mbili. Jeep hiyo nimeiulizia: tumbo yake iko chini, itakaa kwenye potopoto, matope yetu haya, kama bata. Uchungu umeanza kumugusa dada yako, sitangoja. Shemeji yako Clovis na wanaume watatu watamubeba kwa kipoyi, kitanda cha miti, siku mbili kwa mabega. Wanatoka kesho.

Baba yako

Kasongo, tarehe 10 Machi

Baba,

Umeamkaje? Barua yako nimeikuta jana nikirudi.

Gari ile, baba, watu hawaijui. Mashimo inayapita kama mutu aliyevaa soksi. Kona, unaifikiri tu, yenyewe imekata. Nikavuka daraja ya miti, nikapanda kilima, hapo potopoto ikanishika. Nikakumbuka kuna R. R ni Rapide, ni kusema mbio, kila mutu aliyesoma anajua. Nikaweka R, nikakanyaga mupaka mwisho.

Baba, tulirudi nyuma. Mbio. Kilima chote, daraja yote, mukia mbele. Nilifunga macho. Iliposimama nikasikia matusi ya Clovis, anatoka mutoni alimoruka kunikwepa, amelowa mupaka kiunoni. Walikuwa wameshusha kipoyi kando ya daraja wakunywe maji, na miye niliwapita bila kuwaona! Emilienne amelala pale, kikwembe alichojifunga chote damu. Akaniangalia: "Glody, hata kuja, unakuja na mugongo?"

Viti vya nyuma vinakunjika, inakuwa kitanda. Tukamulaza, nikageuza. Clovis aliuliza kwa nini tumesimama, kumbe tunakimbia sabini. Kufika lopitali wakamuingiza ndani. Patron akazunguka gari mara mbili, hakuna hata mukwaruzo. Funguo niko nazo miye sasa. Ambia Wamaza yote.

Glody, shofere

Wamaza, tarehe 12 Machi

Glody,

Umejaza kurasa mbili. Nimezisoma mara tatu, kisha nikamupa jirani Latifa asome kwa sauti, labda macho yangu yanaruka mustari. Gari haina mukwaruzo, nimeelewa. Emilienne je? Hukuandika. Mama yako amekaa chini tangu asubuhi, hagusi chakula, na majirani wanaleta mikeka kama kwa kilio. Mwenye pikipiki anangoja barua. Jibu.

Baba yako

Kasongo, tarehe 13 Machi

Baba na Mama,

Amepona. Walimupasua. Mutoto ni mwanamuke, iko muzima. Munganga anasema saa moja zaidi kwenye njia, tungewapoteza wote wawili. Nilisahau, baba. Sijui mutu anasahau neno kama hili namna gani. Nilimusomea Emilienne barua yenu, tangu hapo haniongeleshi. Sasa ananipokonya kalamu.

Glody

Niko, Baba. Mama akule.

Emilienne