Petroli Aliyoiacha Paskali

Tumati

Mama mkwe wangu mpendwa, shikamoo.

Mjukuu wako Anjela sasa hivi amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ameshika mwiko kwa mikono miwili, anaunguruma. "Mama, panda, twende kwa bibi." Nikamwambia nimeshapanda. Akasema, "Shika vizuri, kuna tope."

Mnaendeleaje huko Endasak? Mguu wako umepoa? Maharage yameota? Sisi mwili ni mzima. Moyo ndio bado.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu tukifika tu kwenye jina la Paskali wangu tunalia wote mpaka salio linakatika. Shemeji Boay akusomee taratibu, asiruke kitu.

Ni habari ya pikipiki ya marehemu. Boay aliniambia bado umeifunika kwa shuka lake, na anayegusa tenki unamfukuza, maana petroli iliyomo aliijaza Paskali mwenyewe kabla hajaanza kuumwa. Mama, nakuelewa. Hata mimi siku ya kuondoka nilifungua kile kifuniko nikanusa.

Sasa, huyu nesi ninayemfanyia kazi, mume wake ni mwalimu, mtu wa Tanga. Ana pampu ya kumwagilia vitunguu. Mvua zilipoanza nikamwona anatia dawa kwenye petroli ya pampu, akaiwasha kidogo, ndipo akaipeleka stoo.

"Mwalimu, na pampu nayo inaumwa?" nikamuuliza.

Akacheka. Akasema petroli ikikaa inachacha, inaacha uchafu unaonata kama gundi kwenye kabureta, injini haiwaki tena. Dawa inaizuia isichache upesi. Mama, nilifurahi. Nikasema nitawatumia hiyo dawa, petroli ya Paskali itabaki vilevile. Nikamweleza imekaa tangu kabla ya msiba.

Akaacha kucheka. "Mama Anjela, dawa hii yatunza petroli ingali nzima. Iliyokwisha haribika haiirudishi."

Nikaingia jikoni nikalia kama ndiyo kwanza naletewa taarifa.

Kwa hiyo mama, nakuomba ukubali itolewe. Boay aikinge kwenye dumu, nje, mbali na jiko, asiimwage shambani. Fundi asafishe kabureta. Kisha aweke petroli mpya, atie dawa niliyoituma kwa basi, kipimo kimeandikwa kwenye chupa, halafu aiache iungurume kidogo ili dawa ifike mpaka kwenye kabureta. Hapo itakaa salama mpaka Boay apate leseni aanze kubeba abiria. Nami nitarudi, tulime pamoja, Anjela akulie kwako. Nesi ananiomba nibaki hapa, sijamjibu. Pikipiki isipowaka sina namna, nitabaki.

Najua nakuomba kitu kigumu. Ningeweza kukiomba kwa mwingine nisingekutwisha wewe.

Nisalimie baba mkwe, shangazi aliyetupikia siku zile zote, na mama yangu mzazi ukimwona kanisani.

Ni mimi mkweo, mama Anjela.

Nesi ananiita, maziwa yanamwagika, ila hili nisiliache. Siku Boay akitoa ile petroli, usijifungie ndani. Simama hapo, mshikie dumu wewe mwenyewe, na ikianza kutoka umwambie mwanao Paskali kwamba mimi na Anjela hatujamsahau.