Familia Inatangaza Kwamba Mtoto Hakufa

Jumatatu, 4 Novemba 1991
Nimeandika tangazo la redio kuhusu kuharisha, tena. Sentensi safi, chai imepoa kando ya mashine ya chapa. Nikitoka ofisini Kacyiru nilipita kituo cha mabasi cha Nyabugogo kuuliza nani analikumbuka lililopita. Vipaza sauti vya vyama vya siasa, makonda, redio kila kibanda. Muuza sabuni akacheka: “Dada, lipi? Yako mengi kuliko nzi.” Imeniuma.

Jumatano, 6 Novemba
Nyumbani, Nyamirambo. Redio ilianza matangazo ya vifo. Mama akaacha mwiko sufuriani. Majirani kimya. Mji mzima hunyamaza saa hiyo, kila mtu akiomba asisikie jina la mtu wake.
Nimepata: tangazo langu lisomwe hapo.

Ijumaa, 8 Novemba
Nimeandika: “Familia ya Mukamana, muuza maharage wa Nyabugogo, inawatangazia ndugu na marafiki habari za mtoto wao Kwizera. Aliharisha sana. Hakufa. Alinyweshwa maji yaliyochemshwa, yenye sukari na chumvi, kidogo kidogo. Msije kuomboleza. Njooni mumwone.”
Ni kweli tupu. Mukamana amekubali. Bibi wa mtoto yuko mbali, Gitarama, hana redio, hatashtuka.
Mkurugenzi: “Binti, unachezea kifo?” Likileta aibu, narudi kupiga chapa barua za wengine. Nimesema sawa. Nikalipeleka redioni mwenyewe.

Jumatatu, 11 Novemba
Limesomwa redioni, katikati ya matangazo ya vifo. Mama alishika kifua, kisha akacheka, kisha akanitazama.

Jumatano, 13 Novemba
Bibi alisikia redio ya jirani. Jina la mtoto, halafu betri zikaisha. Kafunga kitenge, kapanda basi, analia. Mukamana amekuja ofisini kunieleza. Huyu mama mzee nimemliza mimi.
Lakini abiria walimuuliza anamlilia nani. Aliposema Kwizera wa Mukamana, basi zima likapiga kelele: “Hakufa, Bibi! Hakufa!” Wakamwimbia yote, maji, sukari, chumvi, kidogo kidogo, hadi Nyabugogo.
Mkurugenzi alisikia kila neno. Akasema, “Andika jingine.”
Najivunia. Naliandika hapa kwa sababu sitalisema popote.

Jumapili, 17 Novemba
Nimekwenda nyumbani kwa Mukamana kumwomba Bibi radhi. Alinigombeza vizuri, kisha akaniwekea Kwizera mapajani. Mzito. Alilala. Redio ilipoanza matangazo ya vifo tulinyamaza wote, na mimi nikasikiliza majina hadi la mwisho.