Matangazo Madogo Madogo

Jumatatu, 8 Novemba

Kaseti tano leo. Mfuko umefika asubuhi na lakiri yake, kama kila Jumatatu. Hedifoni, chai isiyo na tangawizi, dirisha linalotazama ukuta. Nasikiliza redio ya mji mmoja wa mashariki ya Kongo, kando ya ziwa, mji ambao sijaukanyaga. Jeshi la kigeni liliuteka wakati wa vita, likaondoka, likaacha nyuma serikali ya mkoa iliyojitenga na nchi yake. Wakubwa wa hapa London wanataka kujua kama serikali hiyo ni ya kukaa au ya kupita. Basi mtu wao anarekodi kule, mimi nasikiliza hapa, naandika muhtasari kwa Kiingereza. Hotuba, ushuru, majina ya mawaziri. Matangazo madogo madogo niyaruke: vitambulisho vilivyopotea, ng'ombe, misa, misiba. Ndivyo alivyoniagiza Bwana Alan, mkuu wangu, siku ya kwanza. Kidole changu ni hodari wa kupeleka kanda mbele.

Nyumbani Edmonton, lifti mbovu tena. Sisi tuko ghorofa ya nne. Mama hajashuka wiki ya tatu sasa kwa magoti. Kaunsili, wenye jengo, wameleta fomu ya kuhama mara ya pili: nyumba ya chini, Thamesmead, upande wa pili wa London, bafu jipya. Mama kaweka birika juu yake. Hahami. Anwani hii ndiyo aliyompa mtu aipeleke Unguja, baba akitokea ajue pa kutupata. Miaka ishirini na ushei hiyo. Nimechoka na ngazi, nimechoka na baba.

Jumatano, 10 Novemba

Nimemkuta Mama Furaha kwenye mashine za kufulia. Mkongo wa ghorofa ya pili, mwenye binti mmoja, anafanya kazi ya kutunza wazee. Anajua tu kwamba natafsiri "kwa serikali". Mumewe, Mwalimu Bahati Kasereka, alibaki Kongo kumwangalia mamake mgonjwa. Nikauliza mji gani. Akautaja.

Mji wa kaseti zangu. Nikakunja mashuka nisimtazame.

Simu haiingii tangu mwezi wa saba. Kaenda kila ofisi, akaniambia kwa Kiswahili cha kwao. "Dada, hata kama ni kifo, baniambie tu. Kungojea njo kunaniua."

Nilitia saini karatasi siku ya kwanza. Nikisikiacho mle ndani hakitoki. Nikamwambia nitamwombea dua.

Alhamisi, 11 Novemba

Saa tano ofisi nzima ilisimama kimya dakika mbili, maua mekundu vifuani, kuwakumbuka wafu wao wa vita. Nikasimama nao. Kisha nikakaa na kusikiliza matangazo madogo ya wiki hii, kwa mara ya kwanza. Kadi ya kura imepotea. Kwaya inahitaji sauti nene. Ng'ombe mweupe, pembe moja.

Misiba hakuna.

Jumatatu, 15 Novemba

Kaseti tano mpya. Sikuruka hata neno. Wiki nzima, mji mzima, na hakuna aliyekufa. Hata bibi wa miaka tisini. Hata kwa malaria.

Nilikwenda kwa Bwana Alan. Nikamweleza kwamba redio zetu hutangaza vifo, ndiyo kazi yao ya kwanza, watu huacha kula wakasikiliza. Akanisikiliza kwa adabu. Akasema kama hakuna vifo, si ndiyo dalili njema? Ripoti ya mwezi itasema hali ni shwari na utawala unafanya kazi. Kimya kingi kina mshindo mkuu, ningemwambia, lakini kwa Kiingereza inatoka kama hadithi ya watoto. Nikarudi mezani. 

Jumanne, 16 Novemba

Nilikuwa na miaka sita. Siku chache baada ya mapinduzi ya Unguja, watu walikuja kumchukua baba. Chai yake ilikuwa nusu kikombe, akasema ataimaliza akirudi. Mama akawasha redio, hakuizima. Redio ilisema mengi siku hizo. Iliita watu, iliamuru watu, ilipiga ngoma. Jina lake haikulitaja. Hakutangazwa amefungwa, hakutangazwa amekufa. Hatukukaa matanga. Hatukumsomea hitima, maana kumsomea ni kumuua sisi wenyewe.

Mpaka leo nyayo zikisikika kwenye ngazi, mama huacha analolifanya. Nami pia. Sijawahi kumwambia kwamba nami pia.

Alhamisi, 18 Novemba

Kaseti za zamani hufutwa na kurekodiwa upya. Nimemuuliza mzee wa stoo kama kimebaki chochote cha tangu mwezi wa saba, simu zilipokatika. Boksi moja la mwezi wa nane, linangojea zamu. Nimemwambia nina muhtasari wa kurekebisha. Sijui kusema uongo, shingo inaniwasha. Akanipa.

Ijumaa, 19 Novemba

Nimempata.

Kaseti ya Ijumaa, 27 Agosti. Matangazo ya saa saba mchana. Nimeandika neno kwa neno, mkono wangu siuamini:

"Familia ya Kasereka inasikitika kutangaza kifo cha mtoto wao, Mwalimu Bahati Kasereka, kilichotokea juzi barabarani. Mazishi ni leo saa tisa. Habari ziwafikie wajomba zake wote, na mke wake aliye Uingereza, popote alipo."

Halafu misiba mingine kumi na mmoja. Kumi na mmoja, siku moja. Mwisho mtangazaji akasoma amri: kuanzia kesho, tangazo la kifo halitasomwa bila muhuri wa ofisi ya mkuu wa mkoa.  Basi ndiyo maana hawafi.

Juu ya ganda la kaseti kuna herufi zangu na tarehe niliyoisikiliza. Muhtasari wangu wa siku hiyo nimeutafuta kwenye faili. Hotuba ya waziri wa ushuru, mistari minne. Mengineyo: hakuna la kuripoti.

Walimtafuta mke wake popote alipo. Alikuwa ghorofa mbili chini yangu. Mimi ndiye niliyempitisha mbele kwa kidole.

Jumamosi, 20 Novemba

Sijamwambia. Nimepita mlangoni kwake mara nne na mifuko ya soko. Nikisema, kazi imekwisha, na labda mahakama. Mama ana mimi tu. Nimejaribu kujiambia kwamba kutojua ni nafuu, angalau ana matumaini.

Nikamtazama mama amekaa na birika lake juu ya fomu. Matumaini ndiyo yale.

Jumapili, 21 Novemba

Nimemwambia. Furaha alikuwa kanisani na jirani. Nikamsomea karatasi yangu. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Mara ya tatu akawa anasema nami maneno, "popote alipo", midomo tu.

Akauliza tarehe. Siku ile ya mazishi alikuwa mjini, anamnunulia mtoto viatu vya shule. Alikumbuka bei. Alikumbuka walicheka dukani. Hapo ndipo alipolia.

Nikamwambia na lile la kidole. Sikutaka kusamehewa, nilitaka ajue. Akaichukua ile karatasi. "Lakini umeleta, dada. Benye kujua bote balinyamaza."

Nilipanda ngazi kwa mama.

Jumatatu, 22 Novemba

Kaseti tano. Misiba hakuna. Nimeandika juu kabisa ya muhtasari: tangu mwisho wa Agosti, vifo havitangazwi ila kwa muhuri wa serikali, na hakuna kilichopata muhuri. Bwana Alan kaufuta mstari kwa kalamu, kwa upole, akisema hauna chanzo cha pili. Wiki ijayo nitauandika tena. Na ijayo. Aufute mpaka wino umwishie.

Jumamosi, 27 Novemba

Matanga kwa Mama Furaha. Wakongo wamejaa mpaka kwenye korido, wanaimba. Nilimwambia mama nashuka kidogo. Akasema anashuka na mimi. Ngazi zote zile, kidato kwa kidato, kanga ya kichwani, mkono begani kwangu. Nilidhani atageuka.

Akakaa chini kando ya mfiwa, akamshika mkono. Hawajuani zaidi ya salamu za lifti. Mama Furaha akaniomba nisome tangazo mbele ya watu, kama redio. Nikasimama, nikasoma. Watu wakaitikia, wakalia.

Kulipotulia mama akaniangalia. Hakuinua sauti.

"Na babaako mtangaze."

Nilikuwa bado nimesimama. Sikuwa na karatasi.

Familia inasikitika kutangaza kifo cha Bwana Nassor Abdalla wa Malindi, Unguja, karani wa bandarini, kilichotokea siku isiyojulikana. Kaburi lake halijulikani. Habari ziwafikie mkewe na mwanawe, walioko London.

Mama akasema, "Zimetufikia."

Ijumaa, 3 Desemba

Hitima baada ya sala ya alasiri. Wanawake saba, juzuu zikagawiwa, kahawa na kaimati. Mama Furaha alikuja na mtungi wa chai, akakaa karibu na mlango, viatu kavua.

Waliondoka kabla ya magharibi. Nikaosha vikombe. Kuna mtu alipanda ngazi, akapita mlangoni kwetu, akaendelea juu. Mama alikuwa anakunja mkeka. Hakuacha kukunja.

Kisha akaliinua birika, akaifuta fomu kwa kanga, akaniuliza atie saini wapi.